Siku Tuliyompeleka Bibi Avebury

Bibi mzaa baba alizaliwa Kilwa Kisiwani na ndiko alikoishi. Ukisimama mlangoni kwake unayaona magofu, na mbuzi wake walizoea kulala kwenye kivuli cha kuta za jumba la kale la Makutani. Kwa hiyo kiangazi cha mwaka 2005, alipokuja kututembelea Swindon, Uingereza, na Baba akasema Jumapili tutampeleka kutazama mambo ya kale, Mama alishangaa. "Mtu wa Kilwa umpeleke kutazama magofu?"

Lakini Baba alikuwa na lake moyoni. Mwaka mmoja kabla, UNESCO ilikuwa imeyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na habari ile ilimuuma kama msiba. Ndiyo maana kila alipopata Jumapili ya mapumziko alitupakia garini na kutuzungusha mashambani: makasri, makanisa yasiyo na paa, farasi mweupe wa Uffington aliyechorwa kwa chokaa mlimani. Alitaka mama yake naye aone wenzetu wanavyotunza vya kwao.

Avebury, penye duara la mawe makubwa yaliyosimamishwa zama za kale, si mbali na Swindon, na kuingia katika duara hilo ni bure, jambo kubwa kwa familia yenye watoto wengi kama yetu. Mama alifunga kachori na sambusa, chai ikatiwa kwenye chupa mbili. Bibi alivaa koti la Baba juu ya khanga zake, kwa sababu upepo wa kule hata mwezi wa saba una baridi.

Niseme wazi kwamba mimi naipenda Avebury kuliko Stonehenge, duara jingine la mawe ya kale huko huko Uingereza. Stonehenge unayatazama mawe kutoka kwenye njia uliyopangiwa. Avebury unayagusa na kuyaegemea, kondoo wanakula majani katikati yake. Ndilo duara kubwa kuliko yote ya mawe duniani. Handaki na tuta vinavyolizunguka vina mzunguko wa zaidi ya kilomita moja, na watu walilichimba handaki lile kwa pembe za kulungu, miaka zaidi ya 4,000 iliyopita. Baadhi ya mawe yana uzito wa zaidi ya tani 40. Baba aliyaeleza yote hayo akitembea kinyumenyume mbele yetu, mikono ikipaa, na Bibi akimfuata taratibu na fimbo yake.

Kilichomsimamisha Bibi hakikuwa jiwe. Zilikuwa nyumba. Ndani ya duara kuna kijiji chenye barabara, baa na nyumba za matofali zenye maua.

"Kumbe watu wanaishi humu humu?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Basi hawa ni kama sisi," akasema, na kuanzia hapo akachangamka, akawa anatazama kamba za kuanikia nguo na mabanda ya kuku.

Tuliingia kwenye makumbusho yaliyo katika mazizi ya zamani ya farasi. Humo ndimo Baba alipoanza kupungukiwa na maneno, maana habari zilizoandikwa ukutani hazikuwa za utunzaji. Katika karne za kati wanakijiji waliyaangusha mawe mengi na kuyafukia. Baadaye, karne ya 17 na ya 18, wakayachoma moto kwenye mashimo, wakayamwagia maji baridi yapasuke, wakayapiga nyundo, na vipande wakajengea nyumba. Bibi hakuona ajabu hata kidogo. Alisema mwenye haja ya ukuta huchukua jiwe lililo karibu.

Habari iliyonikamata mimi ilikuwa ya kinyozi. Mwaka 1938 wachimbaji waliinua jiwe moja lililofukiwa wakakuta chini yake mifupa ya mwanamume, na pamoja naye mkasi, chuma chembamba cha tabibu, na sarafu za fedha za mwanzoni mwa karne ya 14. Wakamwita kinyozi tabibu. Kwanza ilidhaniwa jiwe lilimwangukia akafa. Uchunguzi wa baadaye ukaonyesha huenda alikuwa amekwisha kufa alipozikwa pale. Niliposomewa tarehe, Baba alihesabu kidogo kisha akamgeukia mama yake. "Huyu ni wa wakati wa Husuni Kubwa, lile jumba la sultani kwetu Kilwa. Wakati msafiri Ibn Battuta anakuja Kilwa, mwaka 1331, huyu ndiyo kwanza kazikwa."

Bibi alimwombea rehema palepale, kwa sauti. Kinyozi wa zamani anamjua, alisema. Ndiye aliyekuwa akipiga watu chuku za kutoa damu na kuwatia watoto jandoni.

Kisha tukafika kwa Alexander Keiller, tajiri ambaye familia yake ilitajirika kwa jamu ya machungwa. Miaka ya 1930 aliinunua ardhi ile, akafukua mawe, akayasimamisha upya, na penye jiwe lililopotea akaweka nguzo ya zege. Huyu ndiye Baba aliyetaka Bibi amwone: mtu mmoja, kwa mali yake mwenyewe. Lakini ili duara lionekane vizuri, nyumba kadhaa za kijiji zilibomolewa, na watu wakahamishwa.

"Wakapelekwa wapi?" Bibi aliuliza.

Baba hakujua. Akamuuliza dada wa mapokezi, naye akatuelekeza Avebury Trusloe, kijiji kidogo upande wa magharibi. Mpango ulikuwa twende tukale chakula mbele ya kilima cha Silbury. Bibi akasema kilima kitangoja.

Trusloe ni nyumba za kawaida tu, hakuna mtalii anayekwenda kuzipiga picha. Mama mmoja mzee alikuwa akipogoa mawaridi. Bibi alimsalimu kwa Kiswahili toka barabarani, na Baba, kwa haya zake zote, ikabidi aeleze kilichotuleta. Yule mama aliweka mkasi chini. Alizaliwa ndani ya duara, akasema, na akanyoosha kidole kuonyesha upande nyumba yao ilipokuwa. Mama yake mzazi alizoea kuoshea vyombo dirishani akitazama jiwe kubwa, na mpaka anakufa alikuwa akilitaja.

Akatuletea viti. Akala kachori mbili na kuuliza zina nini ndani. Halafu akamuuliza Bibi kama na yeye watamhamisha kule kwake, kwa ajili ya magofu.

Bibi alifikiri. "Sisi ndio tunaojua kaburi lipi la nani," alisema. "Wakituhamisha watamuuliza nani?"

Baba alitafsiri polepole, akirudia sentensi ya mwisho. Yule mama alitikisa kichwa, akamshika Baba mkono. "Mwambie mama yako," alisema, "asitie saini karatasi yoyote kabla hajasomewa yote."