Siku moja gereji: Hilux ya 3L isiyotulia sailensa

Saa 1:00 asubuhi. Hilux imelala hapa tangu jana kwa makusudi, maana dizeli isiyotulia sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) husikilizwa ikiwa baridi kabisa. Injini ni 3L (jina la modeli, si lita tatu), cc 2,779, haina tabo, na pampu ya nozeli, yaani inayosukuma dizeli kwenye vipulizo vya silinda, ni ya mekanika tupu. Hakuna kompyuta ya kusingizia. Kabla ya kuwasha, kitasa cha resi (kasi ya mzunguko wa injini) kwenye dashibodi kirudishwe ndani na kebo ya mafuta iwe imelegea kidogo. Kebo ikikaza, mkono wa pampu haukalii skrubu ya sailensa, na utaizungusha skrubu hiyo mchana kutwa bila jibu.

Imewaka kwa kusita, moshi mweupe, mtetemo. Baada ya dakika chache moshi umeisha, mtetemo umebaki. Ingekuwa hita plagi (plagi za kupasha silinda moto wakati wa kuwasha) peke yake, vyote viwili vingeondoka injini ikipata moto.

Saa 2:15. Injini ina moto sasa. Gari halina geji ya resi, basi tunabandika utepe unaong'aa kwenye puli ya krenki na kupima kwa takometa ya mwanga. Inacheza kati ya mizunguko 560 na 690 kwa dakika. Inayotakiwa huandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Kwa hizi za gia za mkono ni karibu 700. Nati ya skrubu ya sailensa ina mikwaruzo mipya ya spana. Kuna aliyeipandisha tayari, na hiyo ndiyo njia ya mkato inayoficha ugonjwa.

Saa 3:00. Mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, sentimita 30 hivi, umefungwa kati ya filta na pampu. Viputo vinapita, vidogo kama punje za ulezi. Kila baada ya muda kinakuja kimoja kikubwa, na papo hapo injini inazama, kisha inaruka juu. Kwenye sailensa kila nozeli hupewa tone dogo mno, hivyo upepo kidogo tu unalimega sana. Gavana, kidhibiti resi ndani ya pampu, inahisi resi zimeshuka, inaongeza mafuta, inapitiliza. Barabarani mafuta ni mengi, kiputo kilekile hukisikii.

Dumu la lita 5 limewekwa juu kuliko pampu, mpira ukachomolewa kwenye filta na kuchovywa humo. Viputo vimekoma. Kwa hiyo upepo unaingia kabla ya mpira huo, na mshukiwa wa kwanza kwenye Toyota hizi ni pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Upande huu unanyonya, kwa hiyo usisubiri kuona dizeli ikidondoka. Oringi ya sensa ya maji chini ya filta ni mshukiwa wa pili. Kijana ametumwa Kariakoo kuleta kichwa cha filta kizima.

Saa 5:30. Kichwa kipya kimefungwa. Kuzama na kuruka kumekwisha, lakini bado kuna misi (silinda isiyochoma mafuta vizuri) ya kupiga kwa mpangilio. Spana namba 17, kitambaa juu ya nati, legeza bomba moja la nozeli nusu mzunguko, sikiliza, kaza, nenda linalofuata. Vidole vikae mbali: dizeli ya presha hupenya ngozi. Silinda 1, 2 na 4 zikilegezwa injini inazidi kulegea. Ya 3 haibadilishi kitu: ndiyo yenye misi.

Hapo usinunue nozeli bado. Tumeibadilisha na ya silinda 1, misi ikahamia silinda 1, basi nozeli ndiyo mbovu. Ingebaki kwenye 3, tungepima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda): kwa injini hii kipimo ni kilo 32 kwa sentimita ya mraba, isishuke chini ya 20.

Saa 7:00. Wali maharage.

Saa 8:00. Kwenye mashine ya kupimia, nozeli hiyo inafunguka kilo 105 na inachuruzika badala ya kupuliza ukungu. Inatakiwa iwe karibu 150. Ncha mpya, shimu (kipande chembamba cha kurekebisha presha ya kufunguka), kipimo tena. Washa (pete) za chini ya nozeli zote nne ni mpya. Ya zamani ikirudishwa, kompresheni itavuja. Soketi 27, torki karibu Nm 64.

Saa 9:30. Upepo umetolewa, injini ina moto, AC na taa zimezimwa. Sasa ndiyo zamu ya skrubu: nati imelegezwa, skrubu imezungushwa kidogo kidogo hadi 710, nati imekazwa, tumepima tena kwa sababu kukaza huisogeza. Baada ya hapo AC imewashwa, na kifaa cha vakyumu kinachopandisha resi kimerekebishwa kwa skrubu yake yenyewe. Skrubu yenye lakiri ya risasi ni ya resi za juu. Hatuigusi.

Saa 11:00. Imezungushwa kwenye foleni, haizimi. Mpira unaoonyesha ndani tumeuacha mahali pake na gari limeegeshwa pua ikitazama mlima. Kama kuna upepo bado unaingia, dizeli itakuwa imerudi tangini usiku, na kesho saa moja mpira utakuwa mtupu.