Matope ya Gazi na musherekha wa nyanya

Ilikuwa chupa ya maji ya lita moja, nami niliifunga kwa nailoni mara tatu kabla ya kupanda basi Mombasa. Haikusaidia. Kufika Mtito Andei, kondakta akaanza kuuliza ni nani amebeba mayai viza. Nikatazama dirishani kama sijasikia.

Ndani mlikuwa na matope ya Gazi, Kwale, niliyoyachota chini ya mikoko maji yalipokupwa. Wenzangu wakitoka Pwani huleta achari na mabuyu. Mimi ni fundi wa maabara katika shule ya upili hapa Kisumu, na nilikuwa na deni la swali. Siku tuliyowapeleka wanafunzi Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, mmoja aliniuliza, "Madam, kwani matope ya ziwa na ya bahari si ni yale yale?"

Si yale yale. Ukichokoa matope ya Ghuba ya Winam kwa fito, mapovu hupanda, na mengi ni methani. Ziwa letu ni la maji baridi na salfeti yake, aina ya chumvi yenye salfa, ni haba. Bahari ina salfeti tele, zaidi ya gramu 2.5 katika kila lita. Kule chini kusikofika oksijeni, bakteria hutumia salfeti hiyo wanapokula majani na mizoga iliyozama, kisha hutoa gesi iliyoniaibisha kwenye basi.

Lakini hawatoi gesi peke yake. Hutoa pia bikaboneti, ndugu wa magadi tunayotia kwenye mboga, na hapo ndipo ninapomkumbuka nyanya yangu wa Vihiga. Alikuwa akichoma maganda makavu ya maharagwe, anatia jivu kwenye chungu kilichotobolewa kitako, anamimina maji. Yalichuruzika taratibu, rangi ya strungi. Huo ndio musherekha, na bila huo mrenda wake haukupikwa. Sasa chukua musherekha udondoshee siki kidogo: ukali wa siki unapotea, umemezwa. Hewa ya ukaa ikiingia majini hugeuka asidi dhaifu, na maji yenye magadi huimeza vivyo hivyo, ikawa bikaboneti, isiweze kurudi angani kwa urahisi. Bahari humeza karibu robo ya hewa ya ukaa tunayoitoa wanadamu, na ukali huu wa magadi ndio unaoipa nafasi. Tumezoea kusema matope ya pwani ni ghala la kaboni. Ni kweli, sehemu kubwa ya kaboni inayozikwa baharini huzikwa karibu na nchi kavu. Ila mimi nayaona zaidi kama chungu cha nyanya.

Chungu hicho kina sharti moja. Gesi ya mayai viza ikipanda ikakutana na oksijeni, hugeuka asidi na kula magadi yote yaliyotengenezwa. Kazi bure. Kinachookoa ni chuma, kile kile kinachoupa udongo wetu wekundu. Mto Sabaki huubeba hadi Malindi, bahari ikawa rangi ya kahawia. Chuma hukamata ile gesi, matope yakawa meusi, na baada ya muda hutokea piriti, kijiwe cha manjano kinachometameta. Wachimba dhahabu wa Kakamega wanakijua, kimewacheza wengi. Piriti ikikaa imezikwa, magadi hubaki majini.

Nikamwaga nusu ya chupa kwenye beseni. Kesho yake asubuhi uso wa matope ulikuwa wa kahawia. Baada ya wiki mbili nikachovya karatasi ya litmasi ya buluu, ikawa nyekundu: asidi. Matope yaliyobaki chupani yalikuwa bado meusi ti.

Hapo wanafunzi wakaelewa ubaya wa juya zito linalokokotwa na meli za kuvua kamba, kama zile za Ghuba ya Ungwana. Wote wanaijua kokoro, wavu wa kukokota wa ziwani, wanajua inavyovuruga maji. Juya hilo hulima sakafu ya bahari: chakula kilichozikwa kinapata oksijeni na kuliwa kikawa tena hewa ya ukaa, na piriti inarudi kuwa asidi. Ni kiasi gani hufika angani, wanasayansi wangali wanabishana. Pale Gazi kwenyewe, mradi wa Mikoko Pamoja huuza hati za kaboni iliyohifadhiwa na mikoko, jambo zuri, lakini magadi yanayotoka na maji ya kupwa hayamo kwenye hesabu hiyo. Nani atalipia kitu kinachonuka hivi?

Chupa ingali kwenye kabati la kemikali, nimeibandika karatasi: USIFUNGUE. Alhamisi iliyopita mtu aliifungua. Nilijua kabla sijafika mlangoni.