Ninavyowafundisha wanaoanza gofu: tunaanzia shimoni

Nikipewa kikundi cha watu wasiowahi kushika fimbo ya gofu, siwapeleki kwenye tii, pale mkwaju wa kwanza wa kila shimo unapopigiwa. Nawapeleka moja kwa moja kwenye grini, ile sehemu ya nyasi fupi kabisa yenye shimo na bendera. Wengine hununa kidogo, kwa kuwa walikuja na hamu ya kuupaisha mpira. Nawaelewa, lakini hesabu ya mchezo iko upande wangu.

Pa ni idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kuitumia katika shimo fulani, na ndani yake mikwaju 2 imetengewa grini. Kwa hiyo shimo la pa 3 ni mkwaju 1 wa kufika na 2 ya kumalizia. Pa 4 ni 2 na 2. Pa 5 ni 3 na 2. Kiwanja cha mashimo 18 chenye pa 72 kina mikwaju 36 ya grini, nusu kamili ya mchezo. Wakishaiona hesabu hiyo, manung'uniko huisha. Maneno mengine nayo hufuata bila shida: ukipunguza mkwaju mmoja chini ya pa umepata bedi, ukipunguza miwili ni igo, ukizidisha mmoja ni bogi. Handikapu, yaani mikwaju anayopunguziwa mchezaji kulingana na uwezo wake, naiweka kando kwanza, maana ina kanuni zake na humchosha mtu ambaye hajaingiza mpira hata mara moja.

Tatizo kubwa la anayeanza ni kutumia mikwaju mitatu pale panapostahili miwili. Karibu kila mtu hudhani kosa ni kulenga vibaya. Mimi naona kosa mara nyingi ni mwendo: mpira wa kwanza umeishia nusu ya njia, au umelipita shimo mbali sana. Basi nawanyang'anya fimbo. Kila mmoja anaubingirisha mpira kwa mkono kuelekea shimoni, na mkono hukisia umbali vizuri ajabu. Kisha nawarudishia fimbo na kuwaambia waifanye ifuate mkono ule ule: umbali ukiwa mrefu, fimbo irudi nyuma zaidi, na mdundo usibadilike. Anayeirudisha fimbo kidogo kisha akaugonga mpira kwa nguvu hawezi kuujua umbali wake, leo wala kesho.

Mwendo ndio unaoamua pia upana wa shimo. Shimo lina kipenyo cha milimita 108 na mpira una karibu 43, kwa hiyo nafasi ni kubwa kuliko mtu anavyodhani. Lakini mpira unaokwenda kasi ukigusa ukingo huzunguka na kutoka, ilhali ule wa polepole hudondoka ndani. Na kwenye mteremko, mpira hupinda zaidi unapoishiwa nguvu, yaani karibu na shimo. Ndiyo maana nawataka waukague mteremko wa hatua za mwisho kwa makini kuliko ule ulio miguuni mwao.

Kulenga huja baadaye. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, nimelenga katikati, mbona unakwenda kushoto tu?" Nilichomeka tii mbili, vile vijiti vya kuwekea mpira, mbele ya mpira wake, zikiwa na mwanya mpana kidogo kuliko mpira wenyewe. Mpira ukaigonga ya kushoto, tena na tena. Hapo akaona mwenyewe kwamba uso wa fimbo ulikuwa umegeukia kushoto wakati wa kugusa mpira, kwa kuwa uso huo ndio unaoamua kwa sehemu kubwa mpira uanzie upande gani. Alipolegeza mikono, mpira ulipita katikati ya tii. Kwa mipira ya karibu nina agizo moja zaidi: usiinue kichwa kuutazama, subiri uusikie ukiingia.

Adabu za grini nazifundisha hapo hapo, kwa vitendo. Weka sarafu nyuma ya mpira kabla ya kuuokota. Usikanyage njia ya mpira wa mwenzako. Bendera unaweza kuiacha shimoni unapopiga, sheria imeruhusu tangu 2019, na kwa anayeanza nashauri aiache, kwani humsaidia kuona umbali.

Hayo yakikaa sawa, tunarudi nyuma hatua chache nje ya grini, kisha chache tena, na tii huwa ndiyo kituo chetu cha mwisho.