Kabla Hujautangaza Uvumbuzi Wako

Wavumbuzi wengi wanaoniomba ushauri huanza kwa kuuliza hataza, yaani haki ya kisheria ya kuulinda uvumbuzi, inapatikanaje, ilhali mimi hutaka kwanza kujua kama kitu walichobuni kimeshaonekana na watu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu haki nyingi hazipotei mahakamani wala mikononi mwa wezi, bali hupotea siku ya furaha, pale mvumbuzi anapokipeleka kifaa chake kwenye maonyesho, anapokiandikia makala au anapopakia video yake mtandaoni, huku ombi la hataza likiwa bado halijawasilishwa.

Hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na dola. Mvumbuzi anaueleza uvumbuzi wake kwa ukamilifu, kiasi kwamba mtu mwenye ujuzi wa fani hiyo aweze kuutengeneza kwa kusoma maelezo hayo tu, na dola nayo inampa muda wa kuwazuia wengine wasiutengeneze, wasiutumie, wasiuuze wala kuuingiza nchini bila idhini yake. Venice ilitunga sheria ya namna hii mwaka 1474, ikitoa ulinzi wa miaka 10, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1624 ikaruhusu miaka 14. Leo mkataba wa TRIPS, unaohusu haki miliki katika biashara, unazitaka nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zitoe ulinzi usiopungua miaka 20, kuanzia tarehe ya kuwasilisha ombi.

Haki hiyo ni ya kuzuia, wala si ruhusa ya kutengeneza. James Watt, pamoja na umaarufu wote wa injini yake ya mvuke, hakutumia mkono wa kuzungushia gurudumu kwa sababu matumizi yake katika injini za mvuke yalikuwa yamelindwa kwa hataza ya James Pickard ya mwaka 1780. Akalazimika kubuni mfumo mwingine wa magurudumu yenye meno, akauwekea hataza yake mwaka 1781. Ndiyo maana mwenye hataza mkononi bado anaweza kuhitaji leseni ya mwenzake.

Ili hataza itolewe, uvumbuzi lazima uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi, yaani usiwe jambo ambalo fundi wa fani hiyo angelifikia bila taabu, na uweze kutumika katika uzalishaji au kazi halisi. Nadharia tupu ya kisayansi haihesabiwi. Sharti la upya ndilo linalowaangusha wengi, na ukali wake unashangaza. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza juu ya matumizi ya manjano katika kuponya vidonda. Baraza la Utafiti wa Kisayansi na Viwanda la India likapinga kwa kuleta maandishi yaliyothibitisha kwamba matumizi hayo yalijulikana zamani, yakiwemo ya Kisanskriti, na madai ya hataza hiyo yakabatilishwa mwaka 1997. Nilifurahi sana niliposoma habari za shauri hilo kwa mara ya kwanza, kwa maana linaonyesha kwamba maarifa ya mababu yana uzito mbele ya sheria, hasa yakiwa yameandikwa.

Upya huweza pia kuharibiwa na mvumbuzi mwenyewe. Mwaka 1881 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la Egbert dhidi ya Lippmann, ambamo mvumbuzi wa vyuma vya kunyooshea vazi la ndani la kike alikuwa amempa rafiki yake wa kike jozi ya vyuma hivyo mwaka 1855, bila sharti lolote la usiri, kisha akaomba hataza mwaka 1866. Vyuma vilivaliwa na mtu mmoja tu, tena ndani ya nguo ambako hakuna aliyeviona, lakini mahakama ikasema hayo yalikuwa matumizi ya hadharani, na hataza ikaanguka. Sheria ya sasa ya Marekani humpa mvumbuzi muhula wa mwaka 1 baada ya kuutangaza uvumbuzi wake, ila barani Ulaya muhula wa jumla kama huo haupo. Kwa hiyo wasilisha ombi kwanza, na ukilazimika kumwonyesha mfadhili au fundi kabla ya hapo, tia naye saini mkataba wa usiri.

Mbali na tarehe ya kuwasilisha ombi, yanayoamua thamani ya hataza ni maneno ya madai, yaani sehemu inayoweka mipaka ya kile kinacholindwa. Tuseme umebuni pampu ya maji ya kukanyagwa kwa miguu, na katika dai la kwanza ukaandika kwamba ina "vali ya mpira". Mshindani akitengeneza pampu ileile kwa vali ya ngozi, ana nafasi nzuri ya kukuponyoka. Mwandishi makini angesema "vali ya nyenzo inayonyumbulika" katika dai la kwanza, kisha akautaja mpira katika dai linalofuata, ili dai pana likibatilishwa kwa kukosa upya, lile finyu liwe bado limesimama. Hapa ndipo ninapoona fedha ya kumlipa wakala mzoefu wa hataza inatumika vizuri kuliko mahali pengine popote.

Hakuna hataza ya dunia nzima. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883 humpa mwombaji miezi 12 ya kuwasilisha ombi hilohilo katika nchi nyingine akihesabiwa kwa tarehe yake ya kwanza, na Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza wa mwaka 1970 humwezesha kuahirisha gharama za nchi mojamoja hadi miezi 30 kwa kawaida, ingawa uamuzi wa kutoa hataza hubaki kwa kila nchi au ofisi ya kanda.

Kwa kawaida ombi huchapishwa baada ya miezi 18, na kabla ya hapo bado unaweza kuliondoa. Kama uvumbuzi wako ni mchakato unaofanyika ndani ya kiwanda, ambao hakuna anayeweza kuubaini kwa kuichunguza bidhaa sokoni, tafakari katika kipindi hicho iwapo siri ya biashara haitakufaa zaidi, kwa kuwa siri haina ukomo wa miaka 20, lakini haimzuii mwingine aliyefikia jambo lilelile kwa juhudi zake mwenyewe.