Wala Hakemei

Jumapili, saa nne usiku. Watoto wamelala, umeme umerudi nusu saa iliyopita, na nje inanyesha mvua ya Mbeya, ile ya taratibu isiyoonyesha dalili ya kukata. Nimejiahidi kuandika haya kabla wiki mpya haijaanza kunivuta. Kwa miezi minne nimekuwa na swali moja tu: niolewe tena, au nibaki nilivyo?

Mume wangu alifariki 2019. Aliniacha na watoto wawili, nyumba ya vyumba vitatu ambayo upande wa nyuma haujapigwa lipu mpaka leo, na kibanda cha mchele pale Mwanjelwa. Mwaka jana, mwezi wa kumi, mgane mmoja wa ushirika wetu, fundi seremala mwenye watoto watatu, alinisubiri nje ya kanisa baada ya ibada. Hakuzunguka. Alisema angependa tufunge ndoa, kisha akaongeza, "Usinijibu leo, mama. Kamwombe Mungu kwanza." Nikamshukuru, nikaondoka. Njia nzima miguu ilikuwa mizito, na si kwa sababu ya yule mtu. Ni lile neno, "kamwombe Mungu", ndilo lililonitia hofu. Hofu hiyo nina nayo tangu 2016, na sijawahi kumweleza mtu nje ya familia.

Mwaka ule nilitaka kupanua biashara. Kikundi chetu cha kukopeshana kilikuwa tayari kunipa mkopo, na mimi nilikuwa nimeshaona stoo ya kupanga. Ilikuwa mwezi wa tatu. Mume wangu alisema tusubiri mavuno ya Kyela, mwezi wa sita mpunga ukishaanikwa na bei ikiwa imeshuka, ndipo tununue. Maneno ya mtu anayeijua kazi. Lakini mimi nilikuwa nimefundishwa kwenye kikundi cha maombi kwamba ukitaka kujua mapenzi ya Mungu, omba ishara, kama Gideoni wa kwenye Biblia, aliyetandika ngozi ya kondoo usiku apate ishara ya umande. Basi nikaamka alfajiri, nikapiga magoti sebuleni, nikasema: Bwana, kama unataka nichukue mkopo huu, simu yangu ilie kabla ya saa mbili.

Saa mbili kasoro dakika ishirini ikalia. Alikuwa mtu aliyekosea namba, anamtafuta dereva wa Fuso. Nililia machozi ya furaha. Mume wangu aliponiuliza kwani hatukukubaliana kusubiri, nilimjibu kwamba Mungu ameshasema. Akanyamaza. Atasema nini tena mtu ukimwambia hivyo?

Nilinunua gunia sitini kwa bei ya msimu wa uhaba. Wiki ya tatu paa la stoo likavuja, tena si tone moja moja, maji yalipita kwenye msumari na kushuka ukutani mpaka kwenye safu ya chini. Tulipofungua gunia la kwanza lilitoka joto na harufu ya fukuto. Nakumbuka nimeingiza mkono hadi kwenye kiwiko, na punje zilikuwa zimeshikana kama uji uliolala. Mwezi wa sita ulipofika, na bei nayo ikashuka, kama alivyosema.

Baada ya hapo sikuomba tena juu ya jambo kubwa lolote. Niliomba chakula, afya, ada. Lakini "Bwana, nifanye nini?" sikuisema. Ndani yangu niliamini mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja: kwamba Mungu alinidanganya, na kwamba Mungu amenikasirikia kwa kusikia vibaya.

Sasa huyu fundi anasema nikamwombe.

Wiki ile ile habari zikasambaa, maana ushirika ni kama ukoo. Dada mmoja akaja kibandani, akaninong'oneza juu ya mizani kwamba ameonyeshwa gauni jeupe na kwamba ndoa hii ni ya Bwana. Siku tatu baadaye mwingine, mwanamke ninayemheshimu sana, akanipigia kwamba ameota kitambaa cheusi kimefunika mlango wangu, nikimbie. Sikuwadharau. Paulo aliwaambia Wathesalonike wasitweze unabii, na hapo hapo akawaambia wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Lakini nilikaa kitandani usiku na gauni jeupe huku, kitambaa cheusi kule, nikagundua kwamba hakuna kati yao aliyeniuliza hata swali moja kuhusu yule mtu.

Nilimwendea mchungaji wetu. Nilitarajia anifungulie mstari. Badala yake akanisimulia habari za kanisa letu la Moravian ambazo nilizisikia nusunusu kwenye mafundisho ya kipaimara na nikazisahau. Alisema ndugu wa Herrnhut kule Ujerumani, wale ambao tunawarithi kila asubuhi tunaposoma fungu la siku, walikuwa wakiamua mambo makubwa kwa kura. Vikaratasi: kimoja ndiyo, kimoja hapana, na kingine kitupu, maana yake subiri. Mwaka 1732, mmoja wao, Leonhard Dober, alipotaka kwenda kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas kule Karibi na wazee wakawa hawana hakika, alichota karatasi iliyosema kwamba kijana aachwe aende, Bwana yu pamoja naye. Akaenda. Yeye na David Nitschmann ndio waliofungua njia ambayo mwaka 1891 iliwafikisha wamisionari Rungwe, kwa babu zetu.

"Hata ndoa walizipigia kura," mchungaji akasema.

Nikamwambia basi na mimi anipigie. Nilimaanisha. Ningepata nafuu kubwa kama karatasi ingeniamulia.

Akatikisa kichwa. Akasema kanisa lenyewe liliona uzito wa jambo hilo, na sinodi ya 1818 ikaiondoa kura ya ndoa kwa waumini wa kawaida. Halafu akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukiona katika Matendo ya Mitume. Sura ya kwanza, mitume wanapiga kura kumpata Mathiya achukue nafasi ya Yuda. Sura ya pili Roho anashuka. Baada ya hapo, mitume hawaonekani tena wakiamua jambo kwa kura katika kitabu kile. Sura ya 15 wana jambo zito kuliko la Mathiya, wanakaa, wanabishana, wanasikilizana, na mwisho wanaandika: "ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi." Mchungaji aliweka kidole juu ya hayo maneno mawili ya mwisho. Na sisi.

Akanipa kazi ya nyumbani, nisome 1 Wakorintho 7 kuanzia mstari wa 39. Nilisoma nikiwa kibandani, mteja akisubiri chenji. Inasema mwanamke aliyefiwa na mumewe yu huru kuolewa na mtu amtakaye, katika Bwana tu. Nimesoma Biblia tangu darasa la tano na sikuwahi kusimama kwenye neno hilo, amtakaye. Mpaka wa Mungu upo pale wazi, katika Bwana tu. Na ndani ya mpaka huo, mjane anaulizwa anamtaka nani. Hata Paulo mwenyewe anatoa maoni yake kwamba akibaki hivyo alivyo ni heri zaidi, na bado hafungi mlango. Miezi miwili nilikuwa nawaza Mungu anataka nini, na hapa Neno lake linaniuliza mimi nataka nini.

Sikujua. Hilo ndilo lilikuwa jibu la kweli siku ile.

Mwezi wa kwanza nikapanda Coaster kwenda Tukuyu kwa mama mkwe. Kuna watu walioniambia nisithubutu, kwamba huwezi kumwuliza mama aliyemzika mwanawe kama uolewe na mwingine. Lakini yeye ndiye aliyenishika mkono makaburini, na sikutaka alisikie jambo hili kutoka kwa watu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi, nikainama, "Mugonile, mama," akaniitikia bila kuacha kisu. Nikavuta kigoda, nikachukua kisu cha pili, tukamenya wote. Nilipomaliza kusimulia, sufuria ilikuwa imejaa.

Akaniuliza maswali. Watoto wanamwonaje? Mbele ya mafundi wake anaongeaje, na akikasirika anafanya nini? Ana madeni? Mmepima afya? Nyumba ya mwanangu itabaki ya wajukuu wangu? Nikajibu niliyoyajua, na mengi sikuyajua. Akasema, "Basi nenda kayajue, mwanangu. Mimi nitaomba huku, wewe uliza huko."

Tukala. Jioni, tukiwa tumekaa jikoni kwenye moto, akaanza kumkumbuka mwanawe, akataja lile jambo la mchele. Sikujua kwamba alikuwa analijua. Akasema, "Alinipigia siku ile. Akaniambia mama, mke wangu amepata hasara, niombee asivunjike moyo."

Ni hivyo tu alivyosema. Nami nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekizika chini ya aibu yangu: asubuhi ya pili baada ya paa kuvuja, niliamka nikamkuta mume wangu uani. Alikuwa ameazima maturubai mawili. Alikuwa amebeba magunia peke yake tangu alfajiri, amemwaga mchele, anautandaza kwa reki, anautenga mzuri na ulioharibika. Mgongo wa shati ulikuwa umelowa. Aliponiona akasema, "Leta kapu, mama. Huu wa upande huu bado unafaa." Hakusema nilikwambia. Hakusema siku ile, wala mwaka ule, wala kitandani hospitalini. Tuliokoa gunia ishirini na mbili.

Usiku ule kwa mama mkwe sikulala mapema. Nilifungua Yakobo 1:5 kwenye mwanga wa simu, mstari ambao naujua kwa moyo: mtu akipungukiwa na hekima, na aombe dua kwa Mungu, "awapaye wote, kwa ukarimu, wala hakemei". Maneno mawili hayo ya mwisho nilikuwa nayapita kila siku kama mtu anayepita nyumba asiyomjua mwenyewe. Wala hakemei. Miaka yote hiyo nilikuwa naogopa kumwuliza Mungu kwa sababu nilimwona amesimama na fimbo, anangoja nikosee tena. Ishara niliyoitaka 2016 ilikuwa ya kujikinga: kama mambo yakiharibika, aliyeamua asiwe mimi. Na huyo Gideoni niliyemwiga alikuwa ameshaambiwa na Mungu la kufanya kabla hajatandika ngozi yake. Mimi niliambiwa pia, na mume wangu, mezani, kwa lugha ya bei na msimu wa mavuno, nikaona hiyo haiwezi kuwa sauti ya Mungu kwa kuwa haikuwa ya ajabu.

Nililia, lakini kwa utulivu. Kisha kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa nikasema, Bwana, nifanye nini, na sikuweka sharti lolote.

Nilirudi Mbeya nikaanza kuuliza. Naomba wanaosoma hapa wanielewe: kuuliza huko nilikuhesabu kuwa sehemu ya maombi. Nilimwuliza fundi juu ya madeni. Hakujibu kwa mdomo. Kesho yake alikuja na daftari la shule, lile la kurasa themanini lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akalifungua juu ya gunia. Kila deni lilikuwa na tarehe na kiasi, na yaliyolipwa yamekatwa kwa rula. Yalikuwa yamebaki mawili. Tulipima afya. Tuliongea juu ya nyumba, akasema mbele ya wazee wawili wa kanisa kwamba hataigusa, ni ya watoto wangu. Binti yangu mkubwa alinyamaza siku mbili, kisha akasema hana neno ila hatamwita baba. Nikamwambia si lazima. Nilipomwambia fundi, akasema hata wanawe wasilazimishwe kuniita mama.

Watu husema utajua kwa amani moyoni. Labda kwa wengine huwa hivyo. Mimi amani iliyonijia haikuondoa woga. Bado naogopa kuzika tena. Bado asubuhi nyingine namkumbuka mume wangu hadi mkono unasita kwenye mizani. Ila woga huu si ule wa zamani, maana simwogopi tena Yule ninayemwuliza. Na nilipojiuliza lile swali la Wakorintho, je, namtaka huyu mtu, nilijua jibu.

Leo asubuhi kabla ya ibada nilisoma fungu la siku. Lilihusu zamu za Walawi hekaluni. Halikuwa na neno lolote kwangu juu ya ndoa, na hilo halikunisumbua. Nilifunga kitabu, nikapiga magoti sebuleni, pale pale pa 2016, nikamwambia Mungu nimeamua kukubali, na kama kuna jambo sijaliona anionyeshe, na nikikosea asiniache.

Kisha nikachukua simu nikampigia. Ikaita mara tatu. Alipokea akiwa kwenye pikipiki, upepo unavuma kwenye sikio langu, akasema, "Subiri kidogo, mama, nipaki pembeni nikusikie vizuri."

Nikasubiri.