Tochi ya stoo ya mjomba

Leo nimerudi Kariakoo kumkabidhi mjomba programu yake kwa mara ya tatu.

Anauza spea za pikipiki. Stoo yake iko nyuma ya duka, haina dirisha, na umeme ukikatika hata kiganja chako hukioni. Programu niliyomtengenezea kwa Flutter, zana ya kuandika msimbo mmoja kwa ajili ya Android na iPhone, inasoma kwa kamera vile vistari vyeusi vya kwenye boksi, kisha inapunguza idadi. Aliniomba kimoja tu cha nyongeza: “Mjomba, niwekee na tochi humo humo, nisihangaike na simu mbili.”

Nikaona kazi ya nusu saa. Nikachukua kifurushi cha tochi, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, nikaweka kitufe, nikajaribu kwenye iPhone ya dada. Safi kabisa. Kwenye Android ya mjomba nayo iliwaka vizuri, lakini kamera ikishafunguka tu, tochi inagoma: kamera inatumika.

Jioni mbili zilipita ndipo nikaelewa. Kabla ya Android 6.0 ya mwaka 2015, programu iliyotaka kuwasha taa ilibidi ifungue kamera yenyewe, ndiyo maana tochi za wakati ule zilikuwa zikiomba ruhusa ya kamera. Toleo hilo lilileta amri ya setTorchMode: unawasha taa peke yake, bila ruhusa. Ila kamera ikiwa tayari imeshikwa, amri hiyo inakataliwa, hata kama aliyeishika ni programu yako mwenyewe. Taa inabidi uiombe kupitia kamera ile ile iliyofunguliwa. iPhone haikunigomea kwa sababu kule unaweza kuiwasha taa huku kamera ikiendelea kusoma. Nilikuwa nimeandika msimbo mmoja nikiamini nimemaliza simu zote mbili.

Lakini kinachoniuma zaidi si hicho. Majaribio yote niliyafanya mezani kwangu, chini ya taa ya chumbani. Stoo yenyewe sikuwahi kuikanyaga.

Leo nimeingia. Maboksi ya bearing yamefungwa nailoni inayong'aa, na tochi ikiyapiga uso kwa uso, vistari vyote vinapotelea kwenye weupe. Nikaanza kuwaza kupunguza ukali wa mwanga. iPhone inaruhusu, ila Android ilianza kuruhusu kwenye toleo la 13, mwaka 2022, tena si kwa kila simu, na ya mjomba ni ya zamani. Wakati mimi nawaza, yeye akainamisha simu kidogo, mwanga ukaangukia pembeni, mlio ukasikika. Boksi la pili, mlio. La tatu, mlio.

Nitaandika maelezo hayo kwenye skrini: inamisha simu.

Mteja akaita mbele. Mjomba akabonyeza kitufe cha pembeni, akaitumbukiza simu kwenye mfuko wa shati. Kwenye toleo la kwanza la programu yangu, tochi ilikuwa ikibaki inawaka mle mle, ikimmulika kifuani hadi chaji inakwisha. Nikautazama mfuko. Giza. Nikamfuata mbele kwa kupapasa.