Buriani mzee wetu, mkaguzi wa mabenki

Maisha yake yote ya kazi alikagua mabenki ya miji midogo Marekani. Jumatatu anaondoka, Ijumaa jioni yuko mezani na mkewe na watoto. Siri za wateja hazikuvuka kizingiti.

Mikopo ndiyo iliyokuwa uwanja wake. Akishika faili haanzi na dhamana, anauliza kwanza pesa ya kulipia itatoka wapi. Mkopo ukipitisha siku 90 bila malipo, riba yake isihesabiwe tena kuwa mapato, labda uwe na dhamana ya kutosha na unafuatiliwa kweli. Alichokichukia hasa ni mkopo mpya unaotolewa ili kulipa riba ya ule wa zamani: vitabuni unaonekana mzima, kumbe umeshaoza. Benki ya namna hiyo hakuipa 1, alama bora kuliko zote katika ukaguzi. Ilikwenda 4, pengine 5, iliyo mbaya kuliko zote.